UZI: Ukikagua vifaru vya jirani, unahesabu nini hasa?

Itega_Kwetu
Wakuu, mbukwenyi. Kuna kundi la wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa hapa Dodoma wanaandaa zoezi la mezani. Nchi mbili za kubuni, Nyika na Ziwa, zimesaini mkataba wa kupunguza silaha za kawaida, yaani vifaru, mizinga na magari ya deraya. Nyuklia haimo. Timu ya Ziwa inakuja kukagua Nyika, kituo kiko jirani na mji wetu. Mkataba wa mfano ni ule wa majeshi ya kawaida ya Ulaya uliosainiwa Paris tarehe 19 Novemba 1990.

Ninachotaka ni utendaji. Nani anampigia nani, saa ngapi, anabeba nini, anazuiwa wapi, karatasi gani inasainiwa. Nadharia za kuaminiana tunazo za kutosha. Sharti moja tu: asitaje mtu kambi yoyote halisi ya nchi hii. Kituo tukiite Kituo K.

Bahi_Road
Siti ya mbele. Wajuvi tiririkeni.

Futi_na_Kalamu
Mkuu Itega, anza na saa, maana zoezi likiharibika litaharibikia hapo.

Kwa mkataba huo, nchi inayokuja kukagua hutoa taarifa ya kusudio angalau saa 36 kabla timu haijafika mahali pa kuingilia. Taarifa inataja mahali pa kuingilia, muda wa kufika, chombo cha usafiri, majina ya wakaguzi na aina ya ukaguzi. Haitaji kituo. Kituo hutajwa timu ikishafika, kati ya saa 1 na saa 16 baadaye. Kikishatajwa, mwenyeji ana saa 9 kuwafikisha pale. Wakifika, wana hadi saa 48 za kukagua.

Tuyaweke kwenye ramani yetu. Ziwa inatuma taarifa Jumatatu saa 12 asubuhi. Timu inatua Dar Jumanne saa 12 jioni. Dirisha la kutaja kituo ni kuanzia saa 1 usiku huo hadi saa 4 asubuhi ya Jumatano. Kiongozi wa timu akitaja Kituo K saa 11 alfajiri, Nyika lazima iwe imewafikisha ifikapo saa 8 mchana. Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo basi likikwama kwenye foleni ya malori umechelewa. Treni ya mwendokasi inawahi, ila ina ratiba yake na haikungojei umalize kusaini. Wapangaji wa Nyika wawe na njia mbili mkononi kabla kituo hakijatajwa.

Mtego mwingine ni wa kwetu wenyewe. Kwenye fomu msiandike "saa 11". Andikeni kwa mtindo wa saa 24 na mtaje ni saa za wapi. Mtu akiandika "saa 4" na mwenzake akasoma 04:00, mmetofautiana saa 6, na hapo tayari kuna malalamiko rasmi kabla kifaru cha kwanza hakijaonekana.

Msalato2
Saa 36 ni nyingi sana. Mwenye nia mbaya anahamisha vifaru vyote usiku mmoja.

Futi_na_Kalamu
Anahamisha, ndiyo. Ila avihamishe kutoka wapi, wakati hajui kituo kipi kitatajwa? Akitaka usalama itabidi asafishe vituo vyote. Tena kifaru cha T-72 kina tani zaidi ya 40 na upana wa karibu mita 3.6. Hakihamishwi kama meza ya harusi. Kinataka trela maalumu au behewa, kinaacha alama ardhini, na satelaiti zinapita juu. Lengo la ukaguzi ni kuufanya udanganyifu uwe ghali na wa kelele. Udanganyifu wa kifaru kimoja kimoja hakuna aliyeahidi kuuzuia.

Mama_Zabibu
Kabla ya saa kuna kitu kinaitwa orodha, na mnaikimbia. Mkaguzi haji kutafuta silaha. Anakuja kuhakiki namba ambazo mwenyeji alizitoa mwenyewe.

Kila mwaka tarehe 15 Desemba nchi wanachama walibadilishana taarifa za hali itakayokuwepo tarehe 1 Januari: kila kikosi, mahali kilipo, vifaa vingapi vya kila aina, na nani anakiongoza. Kikosi chenye vifaa vinavyobanwa na mkataba ndicho huhesabiwa kuwa kitu cha kuhakikiwa, na idadi ya vikosi hivyo ndiyo huamua nchi itakaguliwa mara ngapi. Baada ya kipindi cha upunguzaji kwisha, nchi ilipaswa kukubali ukaguzi kwa asilimia 15 ya vikosi hivyo kwa mwaka. Nyika ikiwa na vikosi 40, ni ukaguzi 6. Na nchi moja haiwezi kuchukua zaidi ya nusu ya nafasi hizo, kwa hiyo Ziwa peke yake mwisho wake ni 3.

Hapo ndipo ushirikiano wenyewe unapoingia. Nchi za NATO ziliunda kamati ya kuratibu uhakiki ili zisigombanie nafasi chache. Wanapangiana nani aende wapi lini, wanachukua wakaguzi wageni kwenye timu zao, na wanawekana taarifa kwenye hifadhidata moja. Bila uratibu, nchi 3 zinaweza kukagua kikosi kilekile ndani ya miezi miwili huku vingine vingi havijaguswa.

Kwa zoezi lenu wekeni nchi ya tatu, tuseme Mlima, rafiki wa Ziwa. Waacheni wagombanie nafasi 6. Mtajifunza zaidi kwenye ugomvi huo kuliko pale getini.

Itega_Kwetu
Dada Mama_Zabibu, hiyo ya Mlima nimeichukua. Swali: kifaru ni nini? Wanafunzi wawili wamebishana jana kutwa.

Mama_Zabibu
Wamebishana jambo la maana. Kwa mkataba wa Paris, kifaru ni gari la kivita la uzito wa angalau tani 16.5 likiwa tupu, lenye mzinga wa angalau milimita 75 unaozunguka nyuzi 360. Mzinga unaobanwa ni wa kipenyo cha milimita 100 na kuendelea. Gari la askari wa miguu lenye bunduki kubwa ya angalau milimita 20 na la kubeba askari lenye silaha chini ya hapo ni mafungu mawili ya kundi moja, magari ya deraya. Ukijumlisha na ndege za kivita na helikopta za mashambulizi unapata makundi 5.

Sasa linganisheni na Rejesta ya Umoja wa Mataifa ya Silaha za Kawaida, iliyoanzishwa mwaka 1991. Yenyewe ilianza na mizinga ya milimita 100, ikashusha hadi 75 mwaka 2003. Kombora la milimita 82 linaripotiwa kule na halihesabiwi huku. Mwanafunzi akichanganya majedwali mawili atamshitaki jirani kwa kosa ambalo halipo.

Kombora_Si_Mzinga
Dada hapo umeteleza. Milimita 82 ni mota, ule mzinga mfupi unaorusha juu. Kombora ni kitu kingine.

Mama_Zabibu
Kweli kaka, nimekubali. Mota ya milimita 82. Na ona sasa, neno moja tu.

Futi_na_Kalamu
Ugomvi mkubwa getini huwa ni wa magari yanayofanana. Familia ya magari ya MT-LB ni mfano mzuri: bodi moja, kazi kumi. Moja linabeba askari, linahesabiwa. Jingine limejaa redio na meza ya ramani, halihesabiwi kwa kuwa haliwezi tena kubeba kikundi cha askari. Kwa nje huoni tofauti. Ndiyo maana mkataba uliunda fungu la "yanayofanana": hayana kikomo cha idadi, lakini lazima yatangazwe, na mkaguzi ana haki ya kuchungulia ndani kuona viti vimeng'olewa kweli na mitambo imefungwa. Kwenye zoezi lenu wekeni magari 4 ya namna hiyo, moja kati yake viti vikiwa vimerudishwa. Muone kama kuna atakayeomba mlango ufunguliwe.

Halafu misamaha. Vifaa vilivyo kiwandani bado, vya utafiti na majaribio, vya makumbusho, vilivyotolewa kazini vikingoja kuondolewa, vinavyosubiri kusafirishwa nje, na magari ya kubeba askari ya vikosi vya usalama wa ndani: vyote hivi vina kifungu chao cha kutohesabiwa. Ukiona safu ya magari 30 na mwenyeji anasema "haya ni ya mambo ya ndani", usibishane. Andika: idadi, aina, mahali, na maelezo aliyotoa mwenyeji. Watakaojibizana ni wanadiplomasia.

Msalato2
Hizo ndizo njia za kupitishia ng'ombe usiku. Wasovieti walizitumia zote.

Mama_Zabibu
Walitumia mbili kubwa. Ya kwanza ni ramani. Mkataba ulihusu eneo la kutoka Atlantiki hadi milima ya Ural tu, na kabla ya kusaini walihamishia makumi ya maelfu ya vifaa mashariki ya Ural. Halikuwa kosa kisheria, maana mkataba ulikuwa bado, lakini wenzao walikasirika. Ya pili ni kubadilisha kofia: divisheni 3 za askari wa miguu zilihamishiwa jeshi la majini kama walinzi wa pwani, wakidai jeshi la majini halimo kwenye mkataba. Hili lilisimamisha uridhiaji. Lilimalizwa Juni 1991, vifaa vya pwani vikaingizwa kwenye hesabu, na Moscow ikaahidi kuharibu au kugeuza vifaa 14,500 mashariki ya Ural: vifaru 6,000, mizinga 7,000, magari ya deraya 1,500.

Kwa hiyo Itega, kwenye mkataba wenu wa Nyika na Ziwa andikeni wazi mambo mawili: mpaka wa eneo, na kwamba kifaa kinahesabiwa bila kujali sare ya aliyekipanda.

Itega_Kwetu
Naam. Twende getini sasa. Timu imefika Kituo K saa 7:40 mchana, vumbi limejaa puani. Inaendeleaje?

Futi_na_Kalamu
Timu haizidi watu 9. Majina yao yalishapelekwa siku nyingi kwenye orodha ya wakaguzi na yakakubaliwa, kwa hiyo mwenyeji hawezi kuanza kumkataa mtu getini kwa sura yake. Wana kinga ya kidiplomasia. Chakula, malazi na usafiri wa ndani ni mzigo wa mwenyeji.

Vifaa vyao vimeandikwa kwenye mkataba: darubini za kawaida na za usiku zisizotoa mwanga, kamera za picha na za video, vinasa sauti, tepu za kupimia, tochi, dira za sumaku na kompyuta mpakato. Basi. Mtu akija na droni arudi nayo.

Kwanza ni maelezo ya awali, yasiyozidi saa 1. Mkuu wa kituo anatoa ramani ya kituo na idadi ya vifaa vilivyopo siku hiyo, kisha anaeleza tofauti na orodha ya Desemba. Tofauti si kosa. Orodha ilisema vifaru 31, leo wapo 27, kwa sababu 3 viko matengenezo na 1 kiko kwenye mazoezi. Mkaguzi mzuri anauliza viko wapi, tangu lini, na namba zao. Saa hii moja ina thamani kuliko saa 47 zinazofuata, na wanafunzi wengi huipoteza kwa kunywa chai na kupeana mikono.

Baada ya hapo timu inaweza kugawanyika vikundi visivyozidi 3, kila kimoja na msindikizaji wake. Sheria ya mlango ndiyo inayowashangaza watu: mkaguzi ana haki ya kuingia popote ndani ya eneo la kikosi kilichotajwa, isipokuwa jengo au chumba ambacho mlango wake hauzidi mita 2 kwa upana. Kifaru na gari la deraya havipiti mlango huo. Hivyo ofisi, vyumba vya mawasiliano na bweni vinabaki siri za mwenyeji, na mkaguzi hapotezi kikubwa. Tepu ya kupimia inatoka mfukoni mara nyingi zaidi mlangoni kuliko kwenye kifaru.

Penye kitu nyeti, mwenyeji anaruhusiwa kukifunika kwa turubai. Lakini lazima aseme kama chini yake kuna kifaa kinachobanwa na mkataba. Akisema hakipo, anatakiwa kuonyesha hivyo: kufunua kidogo, kuruhusu kupima umbo, njia yoyote itakayomridhisha mkaguzi.

Bahi_Road
Na kama kambi ina vikosi viwili pamoja?

Futi_na_Kalamu
Hapo wengi hupotea. Umetaja kikosi A. Unakagua eneo la A na sehemu za pamoja: barabara za ndani, karakana ya pamoja, kituo cha mafuta. Eneo ambalo ni la kikosi B peke yake huingii, kwa sababu B ni nafasi nyingine ya ukaguzi. Ukitaka kukiangalia B, nchi yako itumie nafasi nyingine. Ramani ya kituo ionyeshe mpaka huo kwa rangi, la sivyo mtagombana kwenye kona ya karakana.

Mama_Zabibu
Na karatasi ya mwisho. Ripoti inajazwa palepale: idadi iliyoonekana kwa kila aina, maelezo ya mwenyeji, na sehemu ya mambo yenye utata. Viongozi wote wawili wanasaini na kila upande unabaki na nakala. Saini ya mwenyeji inakiri kwamba ripoti imeandikwa mbele yake, haina maana kwamba amekubali kosa. Penye utata, piga picha yenye kitu cha kulinganisha ukubwa, halafu andika namba ya picha ndani ya ripoti. Picha isiyotajwa kwenye ripoti haina mwenyewe.

Kombora_Si_Mzinga
Mmesahau ukaguzi wa eneo ambalo halijatangazwa. Huo ndio mtamu.

Mkaguzi anachora eneo lisilozidi kilomita za mraba 65, na mstari wowote ulionyooka kati ya ncha mbili usizidi kilomita 16. Watu huchora mraba wa kilomita 8 kwa 8 kwa uvivu. Ukitaka kufuata barabara chora ukanda: kilomita 15.4 kwa 4.2 inakupa kama 64.7 za mraba na ulalo unabaki chini ya 16. Kwa hapa kwetu ukanda huo ukiulaza kwenye barabara ya Morogoro kuanzia mjini, unaishia karibu na Mtumba. Shika urefu wa barabara na acha mashamba ya zabibu, vifaru havifichwi kwenye zabibu.

Tofauti kubwa: huu mwenyeji anaweza kuukataa. Ana saa 2 tangu eneo litajwe kusema ndiyo au hapana. Akikataa, ni wajibu wake kutoa uthibitisho wa kuridhisha kwamba hakuna silaha zilizobanwa pale. Akikubali, timu ina saa 24 tu.

Fundi_Gesi
Naona mnahesabu tu, hamjafika kwenye kukata. Mkataba ule ulibomoa vifaa zaidi ya 50,000 ndani ya miezi 40 hadi Novemba 1995. Huko wakaguzi hawakuwa na kikomo cha nafasi wala mwenyeji hakuwa na haki ya kukataa. Utaratibu: mkaguzi anaandika namba za kiwandani kabla ya kazi kuanza, anarudi mwisho, anahesabu mabaki.

Kukata kifaru kwa gesi kunaanza na kukitoa mafuta, vilainishi, betri na kila risasi. Tangi lisilosafishwa ni bomu, mvuke ni mbaya kuliko mafuta yenyewe. Mnara unang'olewa. Mtutu unakatwa si zaidi ya milimita 100 kutoka kwenye kitako chake. Kwa nini pale? Ukikata ncha ya mtutu, mtu anafunga mtutu mwingine na kifaru kinapona. Ukikata kitakoni na kwenye mhimili unaoushika, umeua kile kisichopatikana dukani. Halafu vipande vinatolewa kwenye bodi, pale mnara unapokalia, ili duara lisirudi tena kuwa duara.

Bajeti ndiyo huwaangusha. Oksijeni inaisha haraka kuliko mlivyopiga hesabu, chuma cha deraya ni kinene, na chuma chakavu hakirudishi gharama. Nchi kadhaa ziliona ni nafuu kulipua, kugeuza kuwa shabaha za mazoezi au kuweka vichache kwenye maonyesho, njia ambazo nazo zimo kwenye mkataba kwa viwango maalumu.

Msalato2
Yote mazuri, ila mkataba wenyewe umekufa. Urusi iliusimamisha Desemba 2007 na ikajitoa rasmi tarehe 7 Novemba 2023, NATO nao wakatangaza siku hiyohiyo kuusimamisha. Na Mkataba wa Anga Huria, ule wa ndege za kupiga picha juu ya nchi ya mwenzako, je? Marekani ilitoka Novemba 2020, Urusi Desemba 2021. Mnafundisha vijana kuendesha gari lisilo na injini.

Mama_Zabibu
Umekufa kwa siasa. Tepu ilikuwa inapima vizuri hadi mwisho. Ugomvi ulikuwa majeshi ya Urusi ndani ya Georgia na Moldova, na toleo lililorekebishwa la 1999 ambalo halikupata kuanza kutumika. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu ukiunda mkataba mpya hutarekebisha sheria ya mlango wa mita 2. Utarekebisha kile kinachotokea nchi moja inapoacha kutuma orodha.

Hati ya Vienna, toleo la 2011, yaani makubaliano ya kutangaziana mazoezi ya kijeshi, ni somo la udhaifu wa aina nyingine. Mazoezi ya askari 9,000 au vifaru 250 yanatangazwa siku 42 kabla. Yakifika askari 13,000 au vifaru 300 wanaalikwa watazamaji. Basi nchi inagawa zoezi moja kuwa mafungu, kila moja "askari 12,000", chini ya makamanda tofauti kwenye karatasi. Na zoezi la kushtukiza, lile ambalo hata askari wenyewe hawakuambiwa, limesamehewa taarifa ya mapema. Ukaguzi nao ni 3 tu kwa mwaka kwa kila nchi, kwa hiyo nafasi zinaweza kwisha mwanzoni mwa mwaka na miezi iliyobaki hakuna wa kuingia.

Anga Huria nalo nilitaje tu: kamera zinazoonyesha kitu cha sentimita 30, taarifa ya saa 72, na nakala ya picha kwa kila mwanachama anayeitaka. Hilo la nakala ndilo lilikuwa na thamani kwa nchi ndogo zisizo na satelaiti. Picha waliyoipiga wakubwa na waliyoipata wadogo ilikuwa moja.

Na kama unataka ulioishi, angalia Balkani. Makubaliano ya Florence ya Juni 1996 yaliwabana waliokuwa wakipigana miezi michache kabla, kwa uwiano wa 5:2:2 kati ya Yugoslavia, Kroatia na Bosnia. Mwanzoni wageni wa OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, walishiriki kwenye ukaguzi. Taratibu wenyeji wakachukua kazi, na mwishoni mwa 2014 wakakabidhiwa kabisa.

Karani_wa_Leja
Nimekaa kimya nikisoma. Niseme wazi: kwa ukanda wetu vifaru si tatizo kubwa. Tatizo ni silaha ndogo, SMG na bastola, na huko sheria zenu za mlango hazifanyi kazi. Kasha la bunduki 10 linapita mlango wa choo.

Sisi tuna Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, ya tarehe 21 Aprili 2004, na kituo cha kanda, RECSA, chenye makao Nairobi. Haina wakaguzi wa jirani kuingia ghalani kwako na tepu. Uhakiki wake uko kwenye alama na leja. Bunduki inagongwa alama, inaandikwa, na ikiokotwa Kigoma inaulizwa ilikotoka. Ule utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa ufuatiliaji wa 2005 unataka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe angalau miaka 30 na nyingine, pamoja na za uingizaji na usafirishaji, angalau miaka 20.

Inapoharibika ni hapa. Kwanza, alama inagongwa kwenye sehemu inayong'oka, kama kitako cha mbao au kifuniko cha juu. Mwizi anabadilisha kifuniko, bunduki inapata jina jipya. Igongwe kwenye bodi yenyewe. Pili, karani anaandika namba ya kwanza aliyoiona, kumbe ni namba ya modeli. SMG nyingi za Kichina zina "56" kubwa ubavuni. Hiyo ni modeli, na pembetatu yenye 66 jirani yake ni alama ya kiwanda. Namba ya silaha ni ile ndefu. Ukituma ombi la ufuatiliaji lenye "namba 56", linarudi siku hiyohiyo. Tatu, sifuri na herufi O, na herufi za Kirusi zinazofanana na zetu. Herufi yao ya "В" ni sauti ya V. Usitafsiri, ichore ilivyo na upige picha.

Ombi zuri lina picha za pande zote mbili, moja ya karibu ya kila alama ikiwa na rula pembeni, aina, kipenyo, namba kamili, na tarehe na mahali ilipopatikana. Paka chaki au poda ya mtoto kwenye alama iliyofifia kisha futa juu kwa kitambaa. Nyeupe inabaki kwenye mikwaruzo. Usipige msasa hata kidogo, unamaliza ushahidi.

Na magobore? Hayana namba ya kiwandani kabisa. Yapewe namba siku ya kusajiliwa au kusalimishwa, na leja iseme nani aliyaleta na yaliharibiwa lini. Gobore lililosalimishwa bila kuandikwa lilivyoharibiwa, kwenye vitabu bado linaishi.

Msalato2
Hili la leja nimelipenda kuliko vifaru. Ila bado ni kila nchi inajihakiki yenyewe.

Karani_wa_Leja
Ndiyo, na ndiyo pengo. Kwa usafirishaji kuna njia ya kulinganisha vitabu viwili. Mkataba wa Biashara ya Silaha, unaofanya kazi tangu Desemba 2014, unataka ripoti ya mwaka ifikapo tarehe 31 Mei. Rejesta ya UN nayo tarehe hiyohiyo. Muuzaji anasema nimepeleka 200, mnunuzi anasema nimepokea 150. Usikimbilie kusema 50 zimeibwa. Uliza kwanza: mmoja alihesabu leseni na mwingine mzigo uliofika? Meli iliondoka Desemba na kufika Januari? Mmoja ameweka bastola za polisi na mwingine za jeshi tu? Ukishaondoa hayo matatu, kinachobaki ndicho cha kuuliza kwa barua.

Itega_Kwetu
Wakuu mmetisha. Nimebadilisha zoezi. Siku ya kwanza ni Kituo K kwa saa, mlango na magari manne yanayofanana. Siku ya pili ni leja mbili za Nyika na Ziwa zisizolingana, na picha 12 za alama za kusoma. Karani, kati ya hizo 12 ngapi ziwe na kosa?

Karani_wa_Leja
Tatu. Na moja isiwe na kosa lolote ila iwe imefifia, ili muone nani atakayeikisia namba badala ya kuandika "haisomeki".

Futi_na_Kalamu
Na mlango mmoja wa Kituo K uwe na mita 2 na sentimita 5. Usiwaambie.